Kupanga bei ya vileja, keki na mikate ya kuuza sikukuu: hesabu ifanywe kabla oveni haijawashwa

Mwaka wangu wa kwanza kuuza vitu vya kuoka kwenye viwanja vya sikukuu hapa Unguja, nilimaliza meza nzima kabla ya Magharibi. Mifuko 48 ya vileja, yaani biskuti za unga wa mchele, kila mmoja shilingi 2,000. Nilirudi nyumbani na shilingi 96,000 ndani ya mkoba nikajiona tajiri. Usiku dada yangu akakaa na kalamu. Tukatoa bajaji, tukatoa pesa ya nafasi, tukatoa mchele, samli, sukari, mayai, hiliki, mifuko na gesi. Zikabaki 9,600. Tulikuwa tumefanya kazi ya saa 20, za jikoni na za mezani, kwa hiyo kila saa moja ilitulipa shilingi 480.

Hakuna aliyetuibia. Bei ndiyo iliyokuwa mbovu, na niliichukua kwa mwenzangu wa meza ya pili bila kujua yeye anatumia mafuta gani wala kileja chake kina uzito gani. Tangu hapo sipangi bei nikiwa uwanjani. Napanga wiki mbili kabla, kwenye daftari, na huu ndio utaratibu wangu. Nitatumia vileja kwa mfano kwa sababu ndivyo ninavyovijua vizuri, lakini njia ni ileile kwa keki za vikombe, biskuti za nazi, skonzi au mkate wa ufuta. Namba za shilingi ni za kukuonyesha njia tu. Wewe weka za duka lako.

Oka mkupuo mmoja wa majaribio

Usianze na kalamu. Anza na mizani. Mizani ndogo ya jikoni inajirudisha gharama yake ndani ya sikukuu moja, kwa sababu bila ya mizani vileja vya kwanza huwa vikubwa, vya mwisho vidogo, na hujui umeuza nini.

Pima kila kitu kinachoingia kwenye bakuli. Mkupuo wangu mmoja, yaani donge la kukanda mara moja, ni unga wa mchele kilo 1, sukari nusu kilo, samli gramu 450, mayai manne, hiliki iliyotwangwa, na bekingi pauda kidogo. Donge zima linakaribia kilo 2 na gramu 150. Nikiviringa vya gramu 30 napata vileja 70.

Washa saa ya simu unapoanza kuchekecha unga na uizime kileja cha mwisho kinapofungwa. Usiisimamishe unapoosha vyombo, maana vyombo navyo ni kazi. Mimi hunichukua saa tatu na nusu. Kabla ya kupima ningekuapia kwamba ni saa mbili.

Andika vilivyomo ndani

Watu wengi wanaishia hapa, na hapa ndipo wanapoumia, kwa sababu hii ndiyo sehemu rahisi kuiona:

Mchele kilo 1 pamoja na kusagisha: 3,500
Sukari nusu kilo: 1,500
Samli gramu 450: 6,300
Mayai 4: 1,600
Hiliki: 1,000
Bekingi pauda na rangi ya kutilia nukta juu: 300
Jumla: 14,200

Gawa kwa 70, kila kileja kinatoka kama shilingi 203. Mfuko wa vitano unakuwa kama 1,015. Ukiuza 2,000 unaona umepata karibu mara mbili. Hesabu hiyo ndiyo iliyonidanganya.

Jambo moja kuhusu bei za hapa: andika bei utakayonunulia tena, usiandike ile uliyonunulia zamani. Ramadhani ikikaribia sukari hupanda, na mayai hupanda zaidi siku za mwisho kwa sababu kila nyumba inaoka. Kama una sukari uliyonunua miezi miwili nyuma kwa bei nafuu, ile nafuu ni faida ya uangalifu wako, iache ikae kwako. Ukipanga bei kwa sukari ya zamani, utakwama siku ya sikukuu pili utakaporudi dukani kujaza.

Hiliki usiiruke kwa kuwa ni kidogo. Kipimo kile kile cha viganja kinachotumika nyumbani, ukikizidisha kwa mikupuo minne au mitano, ni pesa nzuri. Nunua kwa uzito, Darajani au popote uliposhika muuzaji unayemwamini, kisha gawanya.

Moto, mifuko na mikono

Gesi inapimwa kwa subira. Siku unapofunga mtungi mpya, andika tarehe pembeni ya jiko, na kila ukioka tia kialama kimoja. Mtungi wangu wa kilo 15 unaoka mikupuo kama 30. Mtungi wa shilingi 60,000 ukigawanya kwa 30 unapata 2,000 kwa mkupuo. Anayeoka kwa makaa, juu na chini, ana kazi nyepesi zaidi: anunue polo moja kwa ajili ya kuoka tu, ahesabu limemaliza sufuria ngapi.

Mifuko. Ya plastiki ya kubebea sahau: imepigwa marufuku Zanzibar, na Tanzania Bara nayo tangu Juni 1, 2019. Kenya walitangulia, Agosti 2017. Mfuko mdogo wa karatasi nauhesabu shilingi 100. Vitano vitano, nahitaji mifuko 14 kwa mkupuo, yaani 1,400. Vileja vina samli, na samli hutoka. Mfuko mwembamba utaonyesha doa la mafuta ndani ya nusu saa na mnunuzi atadhani ni bidhaa ya juzi. Tandika kipande cha karatasi ya kuokea ndani, au nunua mfuko mzito zaidi na uandike bei yake mpya kwenye daftari.

Halafu mikono yako. Nimegombana na mashoga zangu wengi juu ya hili, nami sirudi nyuma. Mtu anasema, "Mimi nipo nyumbani tu, sijilipi." Lakini ukiumwa siku mbili kabla ya Idi, utamwita kijana wa jirani aje akuviringie, na huyo utamlipa. Basi jilipe kile ambacho ungemlipa yeye. Kama msaidizi wa siku nzima ya saa nane hulipwa 15,000 au 16,000, saa moja ni kama 2,000. Saa zangu tatu na nusu ni 7,000. Na mtoto wako wa kike aliyeacha kucheza akakaa akipaka nukta za rangi juu ya vileja 280, naye ana saa zake. Mwandikie.

Sasa mkupuo umefika: 14,200 na 2,000 na 1,400 na 7,000, jumla 24,600. Bado hatujatoka mlangoni.

Gharama za siku

Zipo gharama ambazo hazijali umebeba vileja kumi au elfu. Bajaji ya kwenda na kurudi, tuseme 10,000. Nafasi ya kuweka meza na usafi, 6,000. Saa sita za kusimama mezani, 12,000. Jumla 28,000.

Hizi zinagawanywa kwa ulichobeba. Ukienda na mikupuo minne, kila mmoja unachukua 7,000. Ukienda na miwili, kila mmoja unachukua 14,000, na hapo bei yako haitamezeka. Ndiyo maana meza ndogo ya mtu mmoja yenye sinia mbili mara nyingi haimlipi mtu, hata kama vitu vyake ni vitamu kuliko vya wote. Shirikianeni wawili: mmoja vileja, mwingine mkate wa kumimina (ule wa mchele na tui), bajaji moja, nafasi moja.

Uliza mapema nafasi inatolewa na nani. Kwenye sherehe za mtaa mara nyingi sheha, kiongozi wa shehia, atakuelekeza, na kwenye viwanja vikubwa kuna manispaa au waandaaji wenyewe. Uliza pia kama taa na meza vimo. Kuna mwaka nililipia nafasi, kufika nikaambiwa umeme ni pesa nyingine, na kiza kilikuwa kimekwishaingia. Nililipa, kwa sababu ningefanyaje?

Mahali pakibadilika, gharama ya siku inabadilika nayo. Mwaka Kogwa ya Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jadi mwezi wa Julai, inamtoa mtu wa mjini hadi kusini kabisa ya kisiwa. Usafiri wake peke yake unaweza kupita nafasi na meza kwa pamoja. Hesabu ya viwanja vya Mnazi Mmoja, hapa mjini, usiipeleke Makunduchi.

Gawa kwa vitakavyouzwa

Mkupuo na sehemu yake ya siku ni 31,600. Nimeoka 70. Lakini vitatu huvunjika njiani. Viwili huonjwa. Vingine natia kama nyongeza kwa mteja aliyechukua mifuko mingi, na vingine vinarudi nyumbani. Kwa miaka yangu yote, kinachogeuka pesa ni kama 60, yaani mifuko 12.

31,600 gawa kwa 12 ni 2,633 kwa mfuko. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kitu nilichokuwa nikikiuza 2,000. Mifuko 12 kwa 2,000 ni 24,000, ilhali jikoni peke yake zimekwisha kutoka 24,600. Yaani bajaji, nafasi na miguu yangu ya saa sita nilikuwa nawagawia watu bure.

Juu ya gharama weka faida, na faida si ujira wako. Ujira umeshauandika. Faida ni ile pesa itakayonunua trei mpya, itakayokuvusha mwaka mvua ikinyesha sikukuu mosi. Mimi huweka kati ya sehemu moja ya saba na moja ya tano ya gharama. Kwa vileja, 2,633 inafika 3,000. Mifuko 12 ni 36,000, nabakiwa na 4,400 safi kwa kila mkupuo. Si utajiri, lakini ni pesa ya kweli.

Sarafu iliyo mkononi mwa mtoto

Mpaka hapa hesabu ingeweza kuwa ya duka lolote. Sikukuu ina mambo yake.

Wateja wengi wa viwanja vya sikukuu ni watoto. Wamevaa nguo mpya, wamepita nyumba kwa nyumba kwa mababu na mashangazi, wamepewa mkono wa Idi, na sasa wameshika sarafu ya 500 au noti ya 1,000 iliyokunjwa mpaka imekuwa kama njiti. Mtoto yule hanunui mfuko wa 3,000. Anataka kitu kimoja, chake, akishike mkononi aondoke akikimbilia pembea.

Mara ya kwanza nilifungua mifuko nikawauzia kimoja kimoja kwa 500. Kosa. Kileja cha gramu 30 kinanigharimu zaidi ya 500, na mama aliyelipa 3,000 kwa vitano anasimama pale pale akiona kwamba angenunua kimoja kimoja angelipa 2,500. Ana haki ya kukasirika.

Jawabu ni kuanza na sarafu na kurudi nyuma hadi kwenye donge. Kama bei ni 500, kitu kiwe na ukubwa gani? Nilishusha hadi gramu 20. Donge lile lile linatoa 105, na kwa uzoefu 90 huuzwa. Kuviringa kunaongeza saa moja, 2,000. Mifuko hakuna, kipande cha karatasi tu, 700 badala ya 1,400. Gharama ya mkupuo inakuwa 32,900. Gawa kwa 90, ni 366 kwa kimoja. Kwa 500, mkupuo unaingiza 45,000 na kuacha 12,100.

Angalia hiyo namba tena. Kitu kidogo cha mtoto kinaacha faida karibu mara tatu ya mfuko wa mkubwa. Lakini usikimbilie kufanya vyote vidogo: wateja 90 ni mikono 90 ya kupokea pesa na kurudisha chenji, na peke yako huwezi kuwahudumia mikupuo minne ya namna hiyo kati ya Alasiri na Magharibi. Mimi huenda na mikupuo miwili midogo, miwili ya mifuko. Na vidogo naviviringa kwa umbo tofauti, mviringo wenye nukta nyekundu, ili asitokee mtu akadhani nimemega kile kikubwa.

Kutokana na sarafu hii hii, bei zako zote ziwe 500, 1,000, 1,500, 2,000, 3,000. Bei ya 1,300 itakuua kwa chenji. Nenda na sarafu za 500 zisizopungua 40 na noti za 1,000, uzitafute siku tatu kabla, kwa sababu siku ya Arafa kila mwenye duka anazificha. Kwa malipo ya simu, angalia makato ya mtandao wako kabla na uyaandike kwenye gharama za siku.

Kinacholala na kisicholala

Vileja vikifungwa vizuri kwenye kopo vinakaa wiki kadhaa. Mkate wa kumimina, ambao Mombasa huuita mkate wa sinia, una tui, na kwa joto letu haufai kuuzwa kesho yake. Vitu viwili hivi haviwezi kuwa na hesabu moja.

Kwa mkate wa kumimina, ongeza idadi ya vipande unavyotarajia kubaki. Tuseme mkate mmoja, na kila gharama ndani yake, ni 8,400. Naukata vipande vinane lakini nagawa kwa saba: 1,200. Nauza 1,500. Kisu kipite moto au kifutwe kila baada ya kukata, na ukate nyumbani, siyo mbele ya mteja, kwa sababu mteja atachagua kipande kikubwa na wa mwisho atabakiwa na ncha.

Saa za mwisho, usishushe bei ya kinacholala. Nawaona watu saa 2 usiku wanapiga kelele, "Vileja mfuko elfu mbili!" Kwa nini? Kesho ni sikukuu pili, na keshokutwa sikukuu tatu. Kileja kile kile kitauzwa kwa bei kamili, na wateja wakijua unashusha usiku, jioni hawanunui, wanakusubiri. Mkate wa kumimina unaweza kuutoa vipande viwili kwa 2,000 nusu saa ya mwisho, na ukibaki, upeleke kwa jirani ungali mtamu.

Keki ya krimu usiipeleke uwanjani kabisa. Jua la Alasiri litakupa hesabu ambayo hakuna bei itakayoifidia.

Kupunguziwa

"Nipunguzie, mwanangu." Mama mtu mzima akikuambia hivyo, kumjibu "haipungui" kwa mkato ni utovu wa adabu, na bei ukiishusha, aliyesimama nyuma yake naye ameshasikia. Mimi husema: "Bi mkubwa, bei ndiyo hiyo kwa sababu ni samli, lakini chukua miwili nikutilie viwili juu." Vile viwili vya nyongeza vimo tayari ndani ya vile 10 nilivyovitoa kwenye 70. Kila mtu anaondoka ameridhika na daftari halijaguswa.

Nyongeza ya mteja na sahani ya jirani ni vitu viwili. Sahani za Idi zinazopita nyumba kwa nyumba asubuhi ni heri ya nyumba yako. Zioke kwa pesa ya nyumba, mkupuo wake mbali, kabla hujaoka vya kuuza. Nilipoacha kuchukua sahani za majirani kutoka kwenye trei za biashara, ndipo hesabu zangu zilipoanza kukubaliana.

Wageni

Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, Mji Mkongwe unajaa wageni, na ukipata nafasi karibu na Ngome Kongwe utasikia watu wakikushauri uwe na bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Mimi sifanyi. Andika bei kwenye kibao, kwa shilingi, kwa Kiswahili na Kiingereza, na iwe moja kwa kila anayesoma.

Unachoweza kubadilisha ni kitu chenyewe. Mgeni anataka kupeleka zawadi nyumbani: kopo dogo lenye vileja kumi, kitambaa cha leso juu yake, na karatasi inayosema ndani mna mayai, samli na hiliki, au kama umetia lozi au korosho, maana wapo wanaodhurika nazo. Kopo, kitambaa, karatasi na dakika zako zina gharama, ziandike, gawa, ongeza faida. Likifika 12,000 ni halali yake, na mwenyeji akilitaka analipa hizo hizo.

Wenzako wakiuza rahisi

Utafika na mfuko wako wa 3,000, jirani ana wa 2,000. Usimfuate na usimseme. Nunua mmoja wake, uonje, upime. Pengine anatumia mafuta ya mboga badala ya samli, pengine chake ni gramu 20. Weka kibao kinachosema "samli" na uwaonjeshe watu kipande.

Na kama siku nzima hawanunui? Hapo soko limekuambia kitu. Usikate ujira wako. Punguza ukubwa, au acha kile kitu ukilete kingine. Nilikuwa na mkate wa mayai ninaoupenda sana, wa mayai 12, ambao kwa hesabu yoyote haukushuka chini ya 3,500 kwa kipande. Sasa nauoka kwa kuagizwa tu, kwa harusi na maulidi, na huko unalipiwa bila mtu kukunja uso.

Usiku, kabla ya kulala

Hesabu pesa kabla ya kumnunulia mtu yeyote zawadi. Toa kwanza bahasha ya vifaa vya kesho, kwa bei ya kesho. Kisha andika mistari michache ungali unakumbuka. Wangu wa mwaka jana unasema: "Sikukuu mosi. Vidogo viliisha saa 11 jioni, ningeleta mkupuo wa tatu. Mifuko minne imerudi. Kumimina imebaki vipande vitatu, upepo ulikuwa baridi, watu walitaka chai. Chenji iliisha kabla ya Magharibi. Kesho: vidogo mikupuo mitatu, mifuko mkupuo mmoja, na birika."